Tepe Kwenye Uzio wa Kanisa

Mji wa Ballarat uko Australia, katika jimbo la Victoria, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari kutoka Melbourne. Ulikua haraka baada ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1851. Waliotajirika, pamoja na wengi ambao hawakutajirika, walijenga makanisa ya mawe ambayo yamesimama mpaka leo. Mojawapo ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick la ndugu zetu Wakatoliki, jengo la mawe ya kijivu iliyokolea. Aliyepita mbele yake kuanzia katikati ya mwaka 2015 aliona kitu ambacho hakikuwa katika ramani ya mjenzi yeyote. Kwenye uzio, nondo baada ya nondo, zilifungwa tepe za kitambaa: nyekundu, buluu, njano, kijani, zambarau, nyingi kiasi kwamba upepo ukivuma uzio wote ulionekana kutikisika.

Mgeni angeweza kudhani kuna harusi. Wenyeji walijua sivyo. Mwezi Mei mwaka huo Tume ya Kifalme iliyoundwa na serikali ya Australia kuchunguza unyanyasaji wa kingono dhidi ya watoto katika taasisi ilikuja kufanya kikao chake hapo mjini. Wanaume wa miaka hamsini na sitini walisimama mbele ya watu na kusema yale waliyotendewa walipokuwa watoto wa shule, na waliowatendea walikuwa mapadri na mabruda waliokabidhiwa kuwalea. Baadhi ya watu wa mji, wasiojua la kufanya kwa uchungu walioupata, walichukua tepe wakaenda kuzifunga kwenye uzio wa iliyokuwa shule ya wavulana ya Mtakatifu Alipius, mahali ambapo mengi ya hayo yalitokea. Kisha wakafunga kwenye uzio wa kanisa kuu. Hakuna aliyewapa kibali, wala hakukuwa na msanii mkuu wa kusimamia. Tendo hilo likapewa jina ambalo kwa lugha yetu tunaweza kuliita Uzio Wenye Sauti, kwa kuwa walichoishi nacho wale watoto kwa miaka mingi kilikuwa ukimya. Kutoka hapo tepe zilisambaa miji mingine na nchi nyingine. Mwaka 2016 manusura waliposafiri hadi Roma kusikiliza ushahidi wa kardinali aliyezaliwa mji huohuo, tepe zilikwenda nao.

Wapo wanaoiita kazi hii sanaa, wapo wanaoiita maandamano. Jina lolote litafaa. Lililotufanya tuandike ni swali ambalo tepe zile zinaliuliza kila kanisa lenye uzio: mtu aliyeumizwa na kanisa akifunga utepe kwenye geti letu, je, tunayo haki ya kuufungua?

Tuseme mapema kwamba hatuliandiki swali hili kama watu wanaochungulia dirisha la jirani. Tume ile ilichunguza Waanglikana, Jeshi la Wokovu, na madhehebu mengine, pamoja na shule na nyumba za kulelea watoto za serikali. Ilisikiliza watu zaidi ya 8,000 faraghani, mmoja mmoja, na taarifa yake ya mwisho ya Desemba 2017 ilijaza juzuu 17. Mwaka uliofuata, Oktoba 22, waziri mkuu aliomba radhi bungeni kwa niaba ya taifa. Hakuna dhehebu lililoweza kusema kwamba lenyewe halikuguswa. Na sisi wa huku, tunaopenda kusema mambo hayo ni ya Wazungu, tutafika kwetu baadaye kidogo.

Kwanza kitambaa chenyewe. Watu wa pwani na bara yetu hatuhitaji kufundishwa kwamba nguo inasema. Mama akiwa na neno na jirani yake hapigi kelele. Ananunua kanga yenye jina linalofaa, anajifunga, anapita uani mara mbili, na ujumbe umefika. Akiulizwa atasema amevaa kanga tu. Nguo humpa mtu nafasi ya kusema lile ambalo mdomo hauwezi, au hauruhusiwi. Tepe za Ballarat zimekwenda mbali zaidi ya hapo, maana nyingi hazikuwa na neno lolote. Hazikumtaja mtu, hazikuomba fidia. Utepe mmoja ulifungwa na mtu aliyetendewa, wa pili na dada ya mtu ambaye alijiua akiwa kijana, wa tatu na mpita njia aliyesema moyoni, nami nimesikia. Ukitazama huwezi kujua upi ni wa nani. Kwa mtu ambaye kwa miaka arobaini amekosa maneno, kufunga fundo moja la kitambaa ni hotuba ndefu sana.

Biblia nayo inazijua nguo zinazosema, na mbili kati ya hizo zimo katika kitabu kimoja, Samweli wa Pili. Ya kwanza ni ya Tamari binti Daudi, katika sura ya 13. Alikuwa amevaa vazi la rangi nyingi, kama walivyovaa binti za mfalme. Amnoni, ndugu yake kwa baba, alipokwisha kumnajisi na kumfukuza, Tamari alilirarua vazi lile, akajipaka majivu kichwani, akatoka nje akipiga kelele njiani. Hakwenda kulia chumbani. Alitaka ionekane. Na mtu wa kwanza kukutana naye, Absalomu ndugu yake wa tumbo moja, alimwambia nini? Alimwambia anyamaze, kwa kuwa aliyemtendea ni ndugu yake, na asilitie jambo hilo moyoni. Absalomu alimpenda dada yake, hilo halina shaka. Lakini neno alilompa ni lilelile ambalo wapendao heshima ya nyumba huwapa watoto mpaka leo. Mfalme Daudi alisikia yote akakasirika sana, na andiko halisemi kwamba alifanya lolote. Tamari akakaa katika nyumba ya kaka yake, mpweke. Baada ya miaka miwili ya ukimya huo, damu ilimwagika katika nyumba ya mfalme. Wahubiri wengi tumeihubiri sura hii kama mwanzo wa uasi wa Absalomu. Ni mara chache tumesimama kwenye lile vazi lililoraruka na kuuliza lilikwenda wapi. Pengine lilifuliwa, likashonwa, likawekwa sandukuni, nyumba ikaonekana safi.

Nguo ya pili iko katika sura ya 21, na kwetu sisi ndiyo inayofanana zaidi na uzio wa Ballarat. Kulikuwa na njaa miaka mitatu, na ikaonekana kwamba chanzo ni damu ya Wagibeoni iliyomwagwa na Sauli. Ili kulipa deni hilo, Daudi aliwatoa wanaume saba wa ukoo wa Sauli, wakatundikwa mlimani mbele za Bwana mwanzoni mwa mavuno ya shayiri. Wawili kati yao walikuwa wana wa Rispa, aliyekuwa suria wa Sauli. Mwanamke huyu hakuwa na cheo wala mtetezi. Alitwaa nguo ya gunia, akaitandaza juu ya mwamba, akakaa hapo tangu mwanzo wa mavuno hadi mvua iliponyesha. Mchana alifukuza ndege, usiku alifukuza wanyama wa porini. Tuipime hesabu hiyo: si siku tatu za matanga, ni majuma na majuma, jua likiwaka, watu wakipita kwenda mashambani na kurudi wakiiona ile gunia juu ya mwamba na mwanamke juu yake.

Tunaomba msomaji asiharakishe hapa, kwa sababu kuna jambo ambalo sisi wenyewe tulilipita miaka mingi. Waliotundikwa walitolewa na Daudi. Mfalme mpakwa mafuta, mtunga zaburi, ndiye aliyeruhusu. Kwa hiyo gunia la Rispa lilikuwa linamkabili yeye. Angeweza kutuma askari wawili waje waliondoe, na angekuwa na sababu nzuri: mahali pale ni mbele za Bwana, pasichafuliwe na maombolezo yasiyokwisha. Hakufanya hivyo. Alipoambiwa alichofanya Rispa, aliondoka kwenda kuichukua mifupa ya Sauli na Yonathani, iliyokuwa imekaa ugenini miaka yote hiyo, akakusanya na mifupa ya wale waliotundikwa, na akaagiza yafanyike mazishi ya heshima katika kaburi la Kishi. Na andiko linasema ni baada ya hayo ndipo Mungu alipoombeka kwa ajili ya nchi. Tulidhani kilichomaliza jambo ni kule kutundikwa. Andiko linaweka kusikia kwa Mungu baada ya mazishi, na mazishi yalikuja kwa sababu mwanamke mmoja hakukunja gunia lake.

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu tuliahidi.

Miaka mingi iliyopita, katika usharika tuliokuwa tukiutumikia kama wazee wa kanisa, mama mmoja aliomba kuonana na baraza. Alikuja peke yake, baba wa mtoto alikuwa safarini. Alieleza kwamba binti yake wa miaka kumi na mitatu ameacha kwenda kwaya ya watoto, na kwamba baada ya kumbembeleza siku nyingi amemwambia sababu. Sababu ilikuwa mtu tuliyemfahamu sote, mtu wa kujitolea, aliyekuwa na ufunguo wa ukumbi. Mama alizungumza taratibu. Alikuwa na kitambaa cha mkononi ambacho alikuwa akikikunja na kukikunjua, na mmoja wetu anakumbuka kitambaa hicho kuliko anavyokumbuka maneno.

Tulifanya nini? Tuliomba. Tulimwambia mama kwamba jambo ni zito na litashughulikiwa. Tulimwita yule mtu, akakana, akalia. Tulijadiliana hadi giza likaingia. Mmoja alisema kanisa lina maadui wengi na wanasubiri neno kama hili. Mwingine akasema mtoto ana maisha mbele yake, ikijulikana nani atamwoa. Wa tatu akakumbusha ile methali kwamba aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Hakuna aliyesema polisi. Hakuna aliyeuliza kama kuna watoto wengine. Mwisho tulimshauri yule mtu aache huduma kimyakimya, naye akahamia mji mwingine, na tulipoulizwa huko kama ni mkristo mwema tulijibu kwamba hana tatizo na ushirika wa meza. Familia ile ilikuja kanisani Jumapili chache, kisha hatukuwaona tena. Tulisema wamepoa kiroho.

Tumeandika makala hii kwa kusema "sisi", kama ilivyo desturi ya kitabu hiki, nasi tunatambua kwamba neno hilo ni zuri kwa kujifichia. Katika "sisi" hakuna mkono unaoonekana. Msomaji ajue kwamba siku ile tulikuwa saba, na kila mmoja alikuwa na mdomo wake.

Kwa hiyo tuliposoma habari za tepe za Ballarat hatukuzisoma kama watu wa mbali. Tulijiuliza: yule binti, ambaye sasa ni mama mwenye watoto, akija Jumapili moja asubuhi akafunga kitambaa kwenye geti letu lililopakwa rangi mwaka jana, tutamwambia nini? Na tukasikia ndani yetu sauti ya haraka ikitoa majibu. Majibu hayo si ya kijinga yote, hebu tuyatazame.

Jibu la kwanza husema: waliopo leo hawakutenda. Paroko wa sasa alikuwa hajazaliwa. Bibi harusi anayeingia kanisani siku yake ya furaha kwa nini apite katikati ya maombolezo ya watu asiowajua? Tunalihurumia jibu hili. Lakini tunaona kwamba sisi sote tumerithi kanisa bila kulijenga. Kengele tumeikuta, madhabahu tumeikuta, kiwanja kilichotolewa na mababu tumekikuta, na hatujawahi kusema kwamba kiwanja si chetu kwa kuwa hatukukinunua. Mrithi akipokea nyumba hupokea na madeni yake. Na yule bibi harusi, tunadhani, ana uwezo wa kubeba zaidi ya tunavyomdhania. Huenda utepe mmoja kati ya zile ni wa shangazi yake.

Jibu la pili ni la msamaha, na hili ndilo gumu, kwa kuwa ni neno letu wenyewe, tunalolisema kila tunaposali sala ya Bwana. Husemwa: mkristo husamehe, tepe zinazofungwa mwaka hadi mwaka ni uchungu usiotaka kupona. Lakini angalia nani anasema. Aliyeumizwa akisema nimesamehe, tumvulie viatu, hapo ni mahali patakatifu. Aliyeumiza, au nyumba ya aliyeumiza, ikisema samehe usahau, huyo ni mdaiwa anayemgeukia anayemdai na kumdai yeye. Zakayo hakumwambia Yesu kwamba aliowanyang'anya wana moyo mgumu. Alisimama mbele ya watu akataja hesabu, mara nne. Wokovu ulitangazwa katika nyumba yake baada ya hesabu kutajwa hadharani.

Jibu la tatu ni la haki ya mtuhumiwa, na tunakiri lina uzito. Kardinali tuliyemtaja hapo juu, George Pell, alitiwa hatiani mwaka 2018, akafungwa, na Aprili 2020 Mahakama Kuu ya nchi yake ikaifuta hukumu ile kwa kauli moja ya majaji wote saba. Alipofariki Januari 2023 na mazishi yake yakapangwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Maria mjini Sydney, watu walifunga tepe kwenye uzio wa kanisa hilo, zikaondolewa, wakafunga tena. Waliompenda waliona tepe zile ni matusi juu ya jeneza la mtu aliyeachiwa na mahakama. Waliozifunga walisema hazikuwa juu ya mtu mmoja, zilikuwa za watoto. Sisi hatuwezi kuamua moyo wa kila aliyefunga. Tunaweza kusema hivi tu: utepe si hukumu, na ukianza kutumika kama jiwe la kumtupia mtu aliyetajwa jina, unapoteza lile lililoufanya uheshimike. Hata hivyo kosa la mmoja kuutumia vibaya haliwezi kuwa ruhusa ya kukata zote kwa mkasi. Anayekata hajui anakata wa nani. Anaweza kuwa anakata ule ambao mzee fulani alichukua miezi sita kupata ujasiri wa kuja kuufunga.

Kuna namna nyingine ya kuzipoteza tepe, ya upole zaidi, nayo ni kuzigeuza jengo. Tunaufahamu ukumbusho ulio nje ya Kanisa Kuu la Anglikana pale Mkunazini, Zanzibar, lililojengwa na Askofu Edward Steere mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Ndani ya shimo zimesimama sanamu za watumwa na minyororo shingoni. Ni kazi nzito na inafaa kuwapo, na aliyeiona hawezi kurudi kwenye basi la watalii akicheka. Lakini pale kanisa linasimulia uovu ambalo linajiona lilikuja kuukomesha. Ni rahisi zaidi kuweka sanamu ya namna hiyo uani. Utepe wa Ballarat unashitaki kanisa lenyewe, na zaidi ya hapo hauna uimara wa zege. Jua linaupausha, mvua inauozesha, baada ya misimu michache unakuwa uzi mweupe usio na rangi. Ili uendelee kusema, lazima mtu arudi aufunge mwingine. Zege hukumbuka kwa niaba yetu, nasi tukaenda zetu. Kitambaa hutaka tuje tena, kama gunia la Rispa lilivyotaka Rispa awepo, usiku na mchana.

Nani basi aufungue? Kwa maoni yetu, anayeweza kuufungua ni yule aliyeufunga, siku atakayoona imetosha. Wa pili ni hali ya hewa. Kanisa halimo katika orodha. Kazi ya kanisa ni kuokota ule ulioanguka na kuuweka mahali pa heshima, na kumzuia mwenye mkasi. Wala lisikimbilie kujifungia tepe zake lenyewe, kwa sherehe, na askofu akipigwa picha, mpaka waliojeruhiwa wamealika. Tumeona toba ya mapambo huku kwetu, tunaijua harufu yake.

Tunasikia mzee mmoja akisema, haya yote ni kwa ajili ya kitambaa? Ndiyo. Kwa sababu kitambaa kikivumilika getini, huenda na mtoto akivumilika ofisini anapokuja kusema. Mkono unaokata utepe kwa ajili ya usafi wa kanisa ni mkono uleule uliotuandikia sisi ile barua ya kusema yule mtu hana tatizo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika jambo hili anayekufa mara nyingi si mfichaji. Siku hizi hatuna hata kisingizio cha kutojua njia: liko dawati la jinsia na watoto la polisi, yuko afisa wa ustawi wa jamii, na jambo la jinai halimalizwi kwa maombi ya kufunga kikao.

Tuliamua kumtafuta yule mama. Wanne kati ya saba tungali hai. Watatu tulikwenda, wa nne alisema tunachokonoa kidonda. Mama ni mzee sasa, anaishi na mwanawe wa kiume. Alitukaribisha, akatupa viti, akatuuliza habari za nyumbani kwa adabu zote. Tulisema tulichokwenda kusema. Haikuchukua muda, maneno yalikwisha upesi kuliko tulivyopanga njiani. Alikaa kimya kitambo. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Aliuliza kama binti yake atajulishwa kwamba tumekuja, akajijibu mwenyewe kwamba atamwambia, na akija kututaka atatutafuta. Kisha akauliza jambo ambalo hatukulitarajia. Alitaka kujua siku ile alipokuja mbele ya baraza tuliandika nini.

Tulirudi tukafungua kabati la ofisi. Vitabu vya kumbukumbu za vikao vipo vyote, mchwa wamekula pembe tu. Kikao cha tarehe ile tulikipata. Kuna taarifa ya mweka hazina. Kuna mjadala mrefu wa bei ya mabati. Kuna sare za kwaya, na nani alipendekeza rangi gani. Chini kabisa, kabla ya saini, pameandikwa: Mengineyo, hakukuwa na jambo.

Katika kikao kilichofuata cha baraza la sasa tuliomba nafasi, na ikaandikwa kumbukumbu mpya, yenye tarehe ya leo na tarehe ya siku ile, kwamba mama alikuja, kwamba alisema, na kwamba baraza halikutenda lililopasa. Jina la binti halikuandikwa, kama mama alivyotaka. La yule mtu limeandikwa, na nakala imepelekwa mahali panapohusika pamoja na barua kwa kanisa alikohamia. Wajumbe tisa waliweka saini. Wawili walikataa, na hilo nalo limeandikwa.